Hodi Kamalondo: miaka yangu ya kutembeza wageni katika nyumba za zamani

Funguo za nyumba nimezirudisha biroo, yaani ofisini, na tangu siku hiyo mfuko wa koti langu umekuwa mwepesi hata naona kama nimevaa koti la mtu mwingine. Nawaandikia ninyi mliobaki, mnaotembeza wageni hapa Lubumbashi, Likasi, hadi kule Kambove. Siku ya kuniaga mlinipa Fanta na keki, mkanipigia makofi, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali juu ya kazi. Mlikuwa na njaa, naelewa. Basi someni sasa mkiwa mmeshiba.

Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na havina hadithi. Na Kiswahili nitaandika hiki nilichofundishwa na masista shuleni, ila watu nitawaacha waseme cha kwao. Nkambo Numbi, yule bibi wa Kamalondo, akisikia nimemfanya azungumze kama redio ya ng'ambo, atafufuka anigombeze.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino. Mama yangu, Mkasai wa kweli, muuza vitenge, alikuwa amenihakikishia kwamba kazi ya serikali haiendewi na sandali. Niliyepewa anifundishe alikuwa Papa Mwansa, mzee mfupi mwenye kofia, aliyefanya kazi kwenye tanuru za shaba kabla ya kuja kwetu. Hakunipa hata mkono. Aliangalia viatu.

"Mama Odia, hii viatu iko ya misa. Kesho uvae ya kutembea."

Tukaenda kwa miguu, mimi nikiuma meno, hadi nyumba moja ya wakubwa wa ukoloni, ile yenye baraza la mbao na bati lililopauka, ambako ukigeuka unaona bomba kubwa la moshi na kilima cheusi cha makapi ya shaba. Nyumba hiyo ilikuwa haijalaliwa na mtu tangu kabla sijazaliwa. Papa Mwansa alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, akavua kofia, akaita kwa sauti: "Hodi!"

Akangoja. Mimi namwangalia, yeye anaangalia mlango.

"Papa, mule kuko muntu?"

"Hakuna."

"Sasa unaita nani?"

"Ninabaambia tumefika. Ni kwa bantu, haiko kwetu."

Akangoja mpaka aliporidhika mwenyewe, ndipo akatia ufunguo. Mimi moyoni nikasema, haya, nimepewa mzee aliyepigwa na jua la tanuru. Lakini nilifanya alivyofanya, mwanzo kwa kumwogopa, baadaye kwa mazoea. Ilinichukua muda kuona kazi ya ile hodi. Mgeni aliyesimamishwa mlangoni akangoja, hata bila kujua anangoja nini, akiingia anashusha sauti mwenyewe. Nimewahi kupokea kikundi kutoka hoteli ya Karavia, watu wa miwani myeusi na simu juu juu, wanacheka kabla hawajashuka garini. Nikapiga hodi, nikangoja. Walipoingia, mmoja wao alivua miwani na kuuliza kwa kunong'ona kama anaruhusiwa kukanyaga zulia. Ningewaambia "nyamazeni" wangenichukia hadi jioni.

Vyombo vya kazi ni vichache. Kitambaa kikavu, kamwe si cha maji, maana mbao za zamani zikinywa maji zinavimba na milango inagoma. Nta nyekundu ya sakafu. Viatu vya kutembea, nimeshasema. Ufunguo wa Kambove mnaoulalamikia kila wiki hauna ugonjwa wowote: mlango ndio umeshuka, unyanyueni kidogo kwa bega kisha mzungushe. Ninyi mnaupaka mafuta tu, ufunguo unang'aa na mlango haufunguki.

Na ule msalaba wa shaba, fedha ya wazee wa zamani, tafadhali msiufungie kabatini. Papa Mwansa alikuwa anaanza ziara kwa kumtia mgeni msalaba mikononi kabla ya kusema neno lolote. "Beba kwanza," anasema. Mgeni anabeba, mkono unashuka kwa uzito, uso unabadilika. Kisha anampeleka nyuma kwenye tanuru dogo alilolijenga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, kama wazee wa zamani waliokuwa wakiyeyusha mukuba, shaba yenyewe, hapa kwetu kabla ya mzungu kujua Katanga iko wapi. Akionyesha pa kupulizia hewa alikuwa anapiga magoti, mzee yule, na suruali yake safi. Nilimpenda kwa ajili ya magoti yale. Yeye hakuwa na haja ya kutia chumvi, na ninyi hamna haja. Nawajua mnaotia. Nilikuwa nasimama nyuma yenu nasikia.

Sasa Kambove. Mnajua kuna ile nyumba ya injinia wa zamani, yenye bafu la miguu ya simba ambalo watoto wa shule wanalichekea mpaka wanakaa chini. Enzi zangu za mwanzo ziara ilianzia mlango wa mbele, barazani, kama heshima. Siku moja tulikuja na kikundi cha wastaafu wa migodi, tumejaa vumbi la malori ya madini. Papa Mwansa akapiga hodi, akangoja, akafungua. Wote wakaingia isipokuwa mzee mmoja mwembamba, amevaa koti la suti na tai. Amebaki chini ya ngazi.

Nikamshika mkono. "Papa, pita, karibu."

"Hapana, mama. Mi sikupitaka huku. Mulango yangu ni ile ya nyuma, ya kupikia."

Kumbe alikuwa mpishi wa nyumba ile tangu ujana wake hadi injinia alipofunga mizigo. Nikamwambia wakubwa wale hawapo tena, apite tu, nyumba ni yetu sote.

"Minajua. Kichwa inajua," akasema, akijiangalia viatu. "Miguu njo haiyajua bado."

Mimi nilikwama. Ningeweza kumvuta, ningeweza kumwacha nje kama mtoto mtundu, na yote mawili yalikuwa aibu. Papa Mwansa alikuwa ametusikia kutoka ndani. Akatoka, akafunga mlango mbele ya macho ya wote, akawaambia: "Bon. Tokeni. Siye bote tupite nyuma na ye."

Wastaafu wakatoka wakinung'unika, tukazunguka nyumba, na kwenye mlango wa jikoni Papa Mwansa akasogea pembeni, akamwachia yule mpishi apige hodi. Aliipiga. Na ndani ya jikoni lile mzee akawa mwenyeji wetu. Hapa njo nilisimamaka, hapa njo mulitokaka moshi, hapa sahani inapita, na bibi ya injinia hakujuaka kama kuko shimo huku, minaona bote bakikula. Akatupitisha chumba kwa chumba mpaka tukafika mlango wa mbele, kwa ndani. Akaufungua mwenyewe, akatoka barazani, akasimama pale juu ya ngazi, akaangalia bustani kushoto na kulia. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetaniwa miaka mingi na leo tu ameelewa.

"Kumbe huku kuko upepo muzuri!"

Tangu siku ile ziara ya Kambove inaanzia jikoni na kumalizikia barazani. Nasikia kuna kati yenu wanaotaka kuirudisha mbele kwa sababu ya picha. Picha pigeni mwisho, upepo upo palepale.

Papa Mwansa alistaafu, akaniachia kofia yake ambayo hainitoshi, na mimi nikawa mkubwa wa njia. Ndipo nikampata Nkambo Numbi.

Nilikuwa napita Kamalondo, mtaa nilikozaliwa, jua limewaka, nikaingia uwanja wa nyumba moja kuomba maji. Bibi mmoja akaniambia niingie ndani kwenye kivuli. Nikaingia, nikapokea kikombe, na nikasahau kunywa. Sakafu ya simenti nyekundu inang'aa hadi unaona sketi yako. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Pasi ya makaa. Redio kubwa ya mbao. Kwenye ukuta picha za mabwana harusi, kila mmoja kasimama wima, na suti zote zimeshonwa na mkono mmoja. Na katikati, stuli fupi ya mbao ambayo wateja walikuwa wanapanda kupimwa. Mume wake, marehemu, alikuwa ndiye fundi aliyevisha nusu ya Kamalondo suruali za Jumapili. Yeye aliendelea kupangusa kila kitu kila asubuhi, kwa kitambaa kikavu, bila kufundishwa na biroo yoyote.

Miaka yote nimewaonyesha watu mabafu ya wakubwa! Nilirudi biroo karibu nikikimbia. Shefu wa wakati huo akaja kuona, akazungusha macho, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama Odia, mais mule hamuna kintu."

"Muko muntu," nikamjibu. Alikubali shingo upande, tukapewa Alhamisi, siku moja ya wiki ya kuleta wageni.

Nkambo alitoa masharti yake. Kamba ya kuzuia watu, hapana. Vikaratasi vya maelezo, hapana. Mgeni akiingia na kuanza kunyoosha shingo huku na huku, alikuwa anamkata palepale: "Mwikale kwanza. Kuangalia ni kisha." Awe profesa, awe balozi, alikaa. Wakishakaa wanapewa kalanga za kukaanga, wanaulizwa watoto hawajambo, na ni baada ya hapo tu ndipo nyumba inaanza kusema. Nimeona majumba ya makumbusho ya watu wenye fedha zao, na sijaona palipopokea wageni vizuri kuliko pale.

Kitu kimoja alikataa kukieleza. Cherehani ilikuwa imesimama ukuta wa ndani, lakini chini ya dirisha la barabarani simenti ilikuwa na vishimo vinne vidogo, vya miguu ya kitu kizito kilichokaa pale muda mrefu. Wageni wenye macho walikuwa wanauliza. Jibu lilikuwa lilelile: "Ile muulize Sylvie."

Sylvie ni binti yake wa pekee, anafanya biashara Likasi. Alikuwa anakuja sikukuu, anakuja mama akiugua, Alhamisi haji. Siku moja tulikutana kwenye geti, akanitolea ya moyoni.

"Mama Odia, unaleta bantu kuangalia bumasikini yetu. Bakitoka hapa, banaenda kucheka."

Nikamwambia aje Alhamisi moja aone kama kuna anayecheka. Akaniangalia kama ninayemuuzia nyanya zilizooza, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Nkambo alikuwa ametusikia. Aliniketisha, akanipa kalanga, na akaniambia kitu ambacho sikukitoa kichwani tena hadi leo. "Nikikufa, hii nyumba itakuwa depo. Njo kintu ninaogopa. Kufa, hapana, kufa iko kazi ya bantu bote."

Alikuwa na sababu. Jirani alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mtu wa adabu, kila Noeli alimletea Nkambo sukari na mafuta. Alishanunua viwanja vya pande mbili na kujenga depo, maghala ya mifuko ya unga. Kiwanja cha katikati alikuwa anakingoja kwa upole, bila kusukuma. Simlaumu, hata mimi ningekuwa na unga mwingi vile ningekitaka.

Nkambo Numbi alifariki msimu wa mvua, mimi nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nilipofika kwenye kilio, uwanja ulikuwa umeshajaa watu. Mnajua desturi yetu. Kwenye kilio nyumba inatolewa kila kitu, wanawake watandike mikeka chini, wakae na wafiwa. Wanaume walikuwa wanatoa. Redio imeshatoka, picha za mabwana harusi zimeshushwa zote na kupangwa kando ya choo, uso ukutani. Cherehani ilikuwa mlangoni, vijana wa mtaa wameikwamisha, na mawingu yameshafunga.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema "Musiguse!" Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kwenye neno hilo. Nikamwona Sylvie amekaa chini, kanga kichwani, ananiangalia nitasema nini nyumbani kwa mama yake. Nikafunga mdomo. Nikashika mguu mmoja wa cherehani, tukaitoa pamoja hadi chini ya bashi, lile turubai la kilio, nikaingia ndani nikakaa mkekani, nikalia kama wengine. Nililia kwa ajili yake, na nililia kwa ajili ya chumba.

Kilio kilipomalizika, mikeka ikakunjwa, Sylvie akafagia. Nikamkuta amesimama katikati ya sebule tupu. Ilionekana kubwa na ya baridi, na ukutani kulikuwa na miraba myeupe mahali pa picha.

"Unaona?" akaniambia bila kugeuka. "Ni kyumba tu, Mama Odia. Kyumba kama ya bengine. Yule papa ya depo amenipigia pole, anasema tutaongea nikiwa tayari. Niko tayari."

Shefu wangu wa zamani angekuwepo angesema, si nilikuambia.

Lakini desturi ina upande wa pili. Aliyetoa kitu kwenye kilio ndiye anayekirudisha, na hakuna jirani wa Kamalondo anayekwenda kwake akiacha kitanda cha mfiwa kimelala nje. Wakaanza kuingia mmoja mmoja, hawakumuuliza Sylvie wala mimi. Mama mmoja muuza mkaa alikuja na stuli, akaiweka, akarudi nyuma, akaisogeza kidogo na mguu. "Hapa. Nilisimama hapa fundi akinipima nguo ya ndoa, miguu ilinitetemeka, kaniambia nikitetemeka gauni itakuwa na mawimbi." Baba mmoja akaleta picha tatu, akaanza kutafuta ya kwake, akajikuta bado kijana, akaitundika kwanza kuliko zote. Wengine wakabishana juu ya redio, iko kushoto, iko kulia, wakarushiana maneno na kucheka, kwenye nyumba ambayo jana tu ilikuwa ya machozi. Mimi nilisimama pembeni mikono mfukoni. Nilijua kila kitu kilipokaa, na sikusema, kwa sababu walikuwa wanajenga nyumba mbele ya macho ya Sylvie na sikutaka kuwakatiza.

Ya mwisho ilikuwa cherehani. Vijana wanne wakaiingiza wakihema, wakaipeleka ukuta wa ndani, mahali pake pa kila Alhamisi, wakaishusha.

"Hapana," akasema Sylvie.

Wote wakageuka. Alikuwa hajasema neno tangu waanze.

"Haiko pale. Ilikuwaka hapa." Akaenda dirishani, akaonyesha chini, kwenye vile vishimo. "Papa alishonaka akiangalia barabara, anione nikitoka ku masomo. Akiniona kwenye kona anapiga gurudumu ile kwa nguvu, nisikie kelele, nikimbie. Papa alipokufa, Mama akaitosha hapa, akaisukuma kule ku ukuta. Aliniambia hatawezaka kuangalia barabara ile, na ile cherehani iko kimya."

Vijana wakainama kuibeba tena, akawaondoa. Aliivuta mwenyewe, kanga ikamdondoka, miguu ya chuma ikalia kwenye simenti, mpaka ikaingia kwenye vishimo vyake vinne, tak, ikatulia. Akakaa mbele yake na kuangalia nje. Tukatoka polepole. Getini nilimpita yule mfanyabiashara anakuja kusalimia, kofia mkononi, nikaondoka bila kujua wataambiana nini.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa na kikundi cha walimu kutoka Likasi, walioandikishwa kabla ya msiba. Ningeweza kuwageuza. Niliwaleta, nikiwaza njiani kwamba tukikuta kufuli nitawaambia ukweli, tutasimama nje kidogo tuwaze, twende zetu, na ndiyo itakuwa ziara yangu ya mwisho. Nilikuwa naogopa kama siku ile ya visigino. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.

Nikavua kitambaa cha kichwa, kama Papa Mwansa na kofia yake.

"Hodi!"

Nikangoja. Walimu wakaniangalia, mimi nikaangalia mlango. Ndani hakukuwa na sauti. Nikangoja zaidi ya nilivyowahi kungoja kwenye nyumba yoyote ya wafu.

Kisha gurudumu la cherehani likazunguka, kwa nguvu, kelele mpaka barabarani.

"Karibuni!"

Tukaingia. Sylvie alikuwa dirishani, mguu kwenye kikanyagio, sahani ya kalanga iko tayari mezani. "Yule papa ya depo nimemuambia atafute kwingine," akaniambia, macho kwenye sindano, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Halafu akawaona walimu wamesimama, shingo zimenyooka, wanaangalia picha. Akakunja uso. Ulikuwa uso wa mama yake kabisa, na mimi machozi yakanitoka mbele ya kikundi, jambo ambalo ninyi nimewakataza.

"Munasimama sababu ya nini? Mwikale kwanza. Kuangalia ni kisha."

Nikakaa wa kwanza.